Kiti cha Abiria

"Mwaka huu ziwani tunakwenda kwa ndege," mume alisema, huku akipapasa mezani kutafuta chumvi.

Chumvi ilikuwa hapo hapo, kando ya mkono wake wa kushoto. Mkewe alijua hiyo ni mbinu ya mtu asiyetaka kutazamwa usoni. Akamsogezea kwa kidole kimoja, akangoja.

"Kwa ndege," alirudia.

"Saa moja tu angani. Mtoto hachoki, na wewe huchoki."

"Na gari?"

"Gari lipumzike."

Mtoto wao, msichana wa miaka tisa, aliuliza kama ndani ya ndege watu wanaruhusiwa kuimba.

Sasa, ili uelewe kwa nini mama wa watu aliacha kula, lazima umjue huyo mume. Alikuwa fundi wa lifti, kazi ya kuzunguka mjini jengo kwa jengo, na marafiki walimbandika jina la Usukani kwa sababu hakuna kiumbe aliyewahi kuliendesha gari lake. Dada yake wa damu aliomba akanyimwa. Mkewe alipewa nafasi mara moja tu, kwenye kiwanja cha mpira, akagonga mlingoti wa goli, na kuanzia siku hiyo funguo hazikutoka tena mfukoni mwa mwenyewe. Kila likizo walikwenda ziwani kwa barabara, saa nane nzima, yeye akiendesha na kuimba. Wapanda ndege aliwacheka kwamba wanasafiri kama barua. Leo eti gari lipumzike.

Mke naye alikuwa mshonaji. Wateja walimwita Bi Inchi, maana alikutazama mara moja tu akakutajia kiuno chako, na mara nyingi ulitamani angekuwa amekosea.

Kesho yake alimpigia simu wifi yake, dada wa mume, akitaka kupozwa roho. Alikosea namba ya kupiga, maana wifi hakuwa mtu wa kupoza.

"Kaka yangu aikimbie barabara?" wifi aliguna. "Wifi, huko njiani kuna mtu hataki umwone."

"Nani sasa?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye unayelala naye."

Bi Inchi akaanza kuwahesabu wanawake wa njiani. Yule muuza matunda wa pale wanapojaza mafuta, anayemwita mumewe "mteja wangu" kwa sauti ya kulegea. Yule mhudumu wa mgahawa wa katikati ya safari, anayemwongezea chai bila kuombwa. Kila mmoja alimpitisha moyoni kama kesi mahakamani, na kila mmoja alimkuta na hatia.

Jumamosi mvua ilinyesha, akaenda kuchukua mwavuli ndani ya gari. Akakaa kwenye kiti cha mbele cha abiria, kiti chake yeye, akanyoosha miguu. Haikugusa mbele. Yeye ni mfupi, na kiti kile hukaa kimevutwa mbele tangu gari linunuliwe. Sasa kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho, na kwenye zulia kulikuwa na alama ya kisigino, tope limekauka.

Damu ilimchemka. Mwingine angelia au angepiga simu kwao. Bi Inchi alikwenda kuchukua futi yake.

Akapima kutoka usawa wa kiuno kwenye egemeo la kiti mpaka kwenye ile alama. Inchi arobaini na nne. Akarudia, ikaja ile ile. Basi mwanamke mwenyewe alikuwa mrefu, mguu kama twiga, na alijinyoosha mle kama yuko sebuleni kwake. Akakirudisha kiti mbele, akachora mstari mdogo wa chaki ya kushonea kwenye reli yake. Jumatatu jioni mume aliporudi, kiti kilikuwa nyuma tena. Jumanne hivyo hivyo.

Akafungua daftari la vipimo vya wateja. Mwanamke mrefu kuliko wote humo alikuwa mwalimu wa mpira wa pete, na yeye aliishia arobaini na mbili. Hata hivyo alimpigia.

"Mwalimu, samahani, unapajua kwa fundi wa lifti?"

"Mume wako? Mbona kwake ndiko kwako?"

"Aa, basi," alisema, akakata simu kwa aibu.

Jumatano jioni mume alikuwa anaoga, simu yake ikawaka juu ya meza. Ujumbe ulitoka kwa mtu aliyehifadhiwa kwa jina la "Mwenzangu Kazini".

"Kesho pale pale konani saa moja asubuhi. Usisahau mto, leo nimekaa vibaya kiuno kinaniuma."

Aliusoma mara tatu. Kisha akaenda chumbani kuhesabu mito ya kitandani. Yote miwili ilikuwepo. Akaketi katikati yake, akakumbuka kwamba wiki iliyopita mume aliomba mfuko wa vipande vya nguo, eti vya kufutia grisi.

Wivu una tabia ya kumfanya mtu awe mpole kupita kiasi. Usiku huo alimwekea mumewe minofu mikubwa, akamuuliza habari za kazi.

"Mmeajiri watu wapya?" alidokeza.

"Kuna fundi mmoja. Yupo yupo tu," mume alijibu, macho kwenye sahani.

"Mwanamke?"

"Fundi."

Alhamisi asubuhi alijikaza kisabuni akaendelea na kazi. Kwenye meza ya kukatia kulikuwa na suruali mpya ya mumewe, ya safari. Vipimo vya mwanamume yule hakuwahi kuviandika popote, mkono wake ulivijua wenyewe bila namba. Akavuta futi kutoka kiunoni mpaka chini, akaweka alama ya chaki, na mkono ukagandia pale pale.

Arobaini na nne.

Wiki nzima alikuwa amemchukia mwanamke mwenye miguu ya mume wake. Hakukuwa na twiga wala nini. Aliyekuwa akikaa kwenye kiti cha abiria ni Usukani mwenyewe.

Unadhani roho yake ilitua? Kwanza ilitua. Halafu akajiuliza swali jingine, na hilo ndilo lililomsimamisha kutoka kitini: kama mume wangu anakaa kwa abiria, nani anaendesha?

Saa kumi na moja jioni, karibu na muda wa mumewe kurudi, alijibanza kwenye duka la vifaa vya ujenzi kwenye kona ya mtaa, nyumba sita kutoka kwao, akijifanya anachagua rangi ya ukuta. Gari la mumewe likaja taratibu, likasimama. Nyuma ya usukani alikuwepo msichana mfupi mwenye ovaroli, amekalia mto ili kidevu chake kipite juu. Mume alikuwa pembeni yake, miguu ameinyoosha, ametulia kama mzee wa harusi. Msichana alisema neno, mume akacheka.

Bi Inchi aliweka kopo la rangi chini, akavuka barabara, akafungua mlango wa dereva.

Msichana alishtuka. "Shikamoo, dada."

"Marahaba," ilimtoka yenyewe, na akaichukia. "Shuka."

Msichana alishuka upesi. Mto ukabaki kitini, umeshonwa kwa kitambaa cha bluu chenye maua, mabaki ya gauni ambalo Bi Inchi mwenyewe alilivaa siku ya kumbukumbu ya ndoa yao. Mishono ilikuwa imepinda kama njia ya mbuzi.

"Nani kashona huu?"

"Mimi," mume alisema kwa sauti ya chini.

"Inaonekana."

"Mke wangu, twende nyumbani nikueleze."

"Nieleze hapa hapa." Machozi yalikuwa karibu, lakini aliyazuia. "Miaka kumi na moja. Dada yako umemnyima. Mimi nimegonga goli moja, umeninyima mpaka leo. Ungekuwa umempa moyo wako huyu ningejua la kufanya, wanawake wangapi wameibiwa waume. Lakini umempa usukani. Tena umempa na gauni langu akalie."

"Dada, mimi..." msichana alianza.

"Wewe nyamaza kwanza. Bado sijafika kwako."

Mume alishuka, akazunguka gari huku mkono mmoja ukipapasa boneti. Akasimama mbele ya mkewe, akamshika mkono wenye chaki. Mkewe alikuwa ametoka kazini na chaki ile bila kujua.

"Inyanyue hapa, usawa wa sikio langu la kushoto," alisema. "Mimi nitatazama mbele. Ilete polepole. Nikiiona nitakwambia."

Aliinyanyua. Akaisogeza taratibu, ikapita sikio, ikapita shavu. Mume hakusema kitu. Ilipofika karibu na pua ndipo aliposema, "Hapo."

Bi Inchi alirudia, akidhani anataniwa. Ikawa pale pale. Akakumbuka chumvi.

"Ni presha ya macho," mume alisema. "Daktari anasema kilichokwenda hakirudi, dawa ni za kulinda kilichobaki. Kuendesha amenikataza."

"Tangu lini?"

"Miezi miwili."

"Na huyu umemwambia. Mimi hukuniambia."

"Hakuambiwa, aliona. Tulikuwa wote tukitoka kazini, mtu wa baiskeli akatokea kushoto. Huyu ndiye aliyevuta breki ya mkono. Akaninyang'anya funguo, akaapa nikishika tena barabara kuu atakuja kwako."

Msichana alikuwa anatazama viatu vyake. "Nilimwambia akwambie, dada. Kila siku namwambia."

Bi Inchi hakujua amkasirikie nani. Halafu akajua. Akageuka kutazama barabara ile fupi kutoka konani mpaka getini kwao, ambako muda ule watoto walikuwa wanaruka kamba, na binti yake akiwa mmojawapo.

"Na hapa mpaka nyumbani? Kila jioni nakuona unaingia getini unaendesha."

Mume aliyafuata macho yake mpaka getini.

"Nakuuliza."

"Naendesha polepole. Ili usijue."

"Mwanao anachezea pale."

Mwanamume mrefu yule aliinamisha kichwa katikati ya barabara, watu wa dukani wakiangalia, na machozi yakamtiririka bila kuyafuta.

"Ningekwambia nini?" alisema hatimaye. "Mimi ndiye ninayewapeleka ziwani. Nisipowapeleka mimi nani? Nikaona bora ndege, mwaka mmoja upite, nitajua cha kusema."

Mkewe alinyoosha mkono, kiganja juu. Mume akaelewa. Akachomoa funguo kwenye gari, akaziweka pale.

Siku ile gari lilisukumwa mpaka getini, maana Bi Inchi hakutaka liwashwe mbele ya watoto. Msichana alielekeza usukani, mume na mke wakasukuma kwa nyuma, bega kwa bega, hawasemezani, na watoto wakashangilia.

Ndege hawakupanda. Mume alileta tena hoja yake mezani, kwamba sasa kila mtu anajua, basi wapande tu yaishe.

"Ndege tutapanda siku ukiitamani," mkewe alimjibu. "Si kwa kujificha. Likizo isogezwe mbele wiki saba. Nataka kujifunza."

"Nani atakufundisha?"

"Huyo huyo mwenzako kazini. Nataka nimwone kwa karibu."

Alimwona. Kila jioni kwa wiki saba walikwenda kiwanja kile kile cha mpira, na goli lilipona. Siku ya tatu Bi Inchi alimwambia wazi, "Bado nina wivu na wewe, ujue." Msichana akacheka, akasema, "Najua, dada. Kanyaga klachi." Siku aliyopata leseni alimshonea ovaroli mpya, inayomkaa sawasawa, na mto akaufumua, akaushona upya kwa ajili yake mwenyewe. Kipimo cha macho kilimwambia kwamba wao wawili wanalingana kwa kila kitu.

Wakaondoka alfajiri ya Ijumaa. Bi Inchi juu ya mto, mikono yote miwili imeng'ang'ania. Mume kwenye kiti cha abiria, kimesukumwa nyuma mpaka mwisho. Saa ya kwanza alikanyaga breki ambazo hazikuwepo na kusema "polepole" mara kumi na tisa. Mtoto alihesabu. Mara ya ishirini mkewe aliegesha pembeni, akazima gari.

"Uwanja wa ndege uko nyuma, hatujaenda mbali. Nigeuze?"

"Hapana."

"Basi tuachie barabara yetu."

Walipofika kwa yule muuza matunda, mama yule alichungulia dirishani na kuuliza mteja wangu leo kapatwa na nini. Bi Inchi alimjibu kwamba mteja leo ni yeye, akachagua ndizi mwenyewe, moja moja, bila haraka.

Baada ya hapo njia ilinyooka. Mtoto alianza kuimba nyimbo za baba yake, na baba akaitikia, sauti ikizidi kupungua. Mkewe alipotupa jicho, alimkuta ameegemeza kichwa, kope nzito, anajikaza asisinzie.

Swali lilikuwa limemkaa kooni wiki saba. Akalitoa sasa, macho mbele.

"Yule mwenzako. Uliwahi kulala akiwa anakuendesha?"

"Yule?" mume alisema kwa usingizi. "Nilikuwa nakodoa macho njia nzima. Ningelalaje, roho iko mkononi?"

Bi Inchi alitabasamu, kidogo tu, asije akapoteza barabara.

"Haya. Lala."

Na Usukani, ambaye maisha yake yote hakuwahi kufumba jicho ndani ya gari, alinyoosha ile miguu yake ya inchi arobaini na nne, akalala mpaka ziwani.