Samli ya Phares

Kila asubuhi, kabla ya chai, Phares alimeza samli. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alikunja uso kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo. Kisha alitoka nyumbani Ziwani akaenda soko la Kariokor kushona viatu vya ngozi.

Adoyo, mkewe, alichoka kunyamaza.

"Baba Jacky, mimi napika na mafuta ya kupimiwa kidogo kidogo dukani, wewe unakunywa samli kama uji. Ni ya nini?"

"Ni dawa."

"Dawa ya nini?"

Phares alivaa viatu akatoka. Kwa wiki kadhaa alikuwa akiona damu chooni. Baba yake alikufa kwa saratani ya utumbo mpana, na ilianza na damu hivyo hivyo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Phares aliipenda sana methali hiyo, lakini aliwaambia watu wengine tu.

Jioni Hibaq alipita kuchukua viatu vyake. Jirani huyu hufanya kazi katika maabara inayochunguza saratani. Adoyo alimlalamikia pale pale mlangoni.

"Hebu muulize huyu mbona anakunywa samli!"

Phares alikasirika. "Si ni wewe, Hibaq, ulisema pale mferejini tukichota maji? Ulisema mafuta inaua seli za kansa ya utumbo!"

Hibaq alimtazama. "Baba Jacky, unaumwa?"

Phares aliinamisha kichwa. "Naona damu. Kansa ya baba ilianza hivyo hivyo."

Adoyo aliketi ghafla. Machozi yalimtoka.

"Nisamehe, sikueleza vizuri," Hibaq alisema. "Mafuta niliyosema si ya sufuria. Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo ambavyo macho hayavioni. Ndani ya seli kuna molekuli, vitu vidogo zaidi, na zingine ni za jamii ya mafuta. Seli ikiharibika, baadhi ya molekuli hizo zinaiambia, 'Muda wako umeisha, kufa.' Seli nzuri inatii. Ya kansa ni mpangaji sugu. Anapewa notisi na hahami."

"Na nyinyi mnafanya nini?" Phares aliuliza.

"Tunatafuta njia ya kumfikishia notisi mpaka ahame. Kwa vibakuli vya maabara, seli zingine za kansa zimekufa. Lakini huo bado ni utafiti, si matibabu. Samli tumbo linaisaga kama chakula kingine. Haibebi notisi yoyote."

"Kwa hivyo nimekwisha?"

"Nani amesema? Inaweza kuwa bawasiri tu. Nenda hospitali kesho. Na umwambie daktari habari ya baba yako."

Walienda pamoja, Adoyo akiwa amemshika mkono. Daktari aliingiza kamera ndogo kwenye utumbo. Aliona uvimbe. Ilikuwa saratani, ila ilikuwa bado changa, haijasambaa. Phares alipasuliwa, uvimbe ukatolewa. Alirudi nyumbani amekonda, lakini mzima. Siku hiyo Adoyo aliimba hadi majirani wakacheka.

Phares aliporudi kazini, kaka yake Sylvance alimkuta akipaka viatu samli ili ngozi ilainike.

"Nasikia hiyo samli ndiyo ilikuponya," Sylvance alisema. "Nigawie kidogo. Pia mimi naogopa ile kitu ya baba."

Phares alifunika mkebe.

"Hii ni ya viatu. Wewe ni ndugu yangu. Simama, twende ukapimwe."