Mnada wa Mikono ya Twilumba

Twilumba Chaula alikunja kidole cha shahada akiwa kitini kwake Ikondela, na huko mwezini kidole cha chuma kirefu kuliko mlango kikakunjika na kukwangua barafu. Picha ya kidole kile ilimrudia kiooni baada ya kitambo kidogo, kwa kuwa hata nuru, pamoja na mbio zake zote, huchukua muda kwenda mwezini na kurudi. Kazi yake ndiyo ilikuwa hiyo. Unakunja, unangoja, unaona, ndipo unakunja tena.

Mitambo yenyewe iliitwa mikono pacha. Jozi moja ilivaliwa na mtu duniani mithili ya glavu. Jozi ya pili ilisimama ndani ya shimo la mwezini ambalo jua halijawahi kulichungulia, ikichonga barafu ya kale ili kampuni ipate maji na mafuta ya vyombo vyake vya anga. Kampuni hiyo ilikuwa na roboti wa kila sampuli, lakini roboti walikuwa wakibonyeza barafu kama wanabonyeza saruji, na nusu yake ikawa inageuka vumbi. Ilitakiwa mikono inayojua barafu inalia vipi kabla haijapasuka. Mikono ya namna hiyo ilipatikana mahali ambapo hakuna aliyefikiria kutafuta, juu kwenye uwanda wa Kitulo, kwenye kijiji cha wakulima wa viazi na pareto.

Glavu zikishavaliwa hazikufunguka mpaka zamu iishe. Pua ikiwasha, iliachwa iwashe. Dirisha la chumba cha mikono lilitazama uwanja wa barafu, na kila alasiri Twilumba alimwona binti yake Tusekile akiteleza na wenzake, masweta yao ya rangi rangi yakipishana. Tusekile alipokuwa akimpungia, yeye aliishia kutikisa kichwa tu. Angethubutu kupunga, huko mwezini mnara mzima wa chuma ungepunga naye na kubomoa kazi ya wiki.

Mgeni akifika Ikondela swali lake la kwanza huwa hilo hilo: uwanja wa barafu kwenye kijiji cha wilayani Makete, wapi na wapi? Jibu lake si la ajabu kama swali. Kitulo ni baridi, baridi ya kweli, ya kugandisha umande kwenye majani. Zamani mababu walipochoka kukata miti ya kuni, mafundi waliwaletea mtambo unaoitwa kigandishi. Mtambo huo ulinyonya joto kutoka kwenye bwawa pana la maji ya kina kifupi na kulisukuma kwa mabomba hadi kwenye nyumba, zahanati na ghala la mbegu za viazi. Maji yaliyonyang'anywa joto lake yakaganda. Watoto wakaona uso mweupe unaong'aa, wakajifunga vipande vya panga kuukuu chini ya viatu, na hapo ndipo uwanja ulipozaliwa. Waliokuja baadaye waliujengea paa na kuunda timu, na ikafika siku vijana wa Ikondela wakashindana na watu wa nchi za theluji na kuwatoa jasho.

Kisha kigandishi kikazeeka. Fundi wake alikuwa Twilumba, aliyekisomea mpaka chuo kikuu, na ni yeye aliyewaambia wanakijiji bila kuzunguka kwamba mtambo umekufa. Mpya ulikuwa wa bei ya kutisha. Kijiji kikaanza kuchanga. Kwaya iliimba kwenye harusi za watu isiowajua, kina mama wakafuma masweta, timu ikacheza mechi za kulipia, na bado kilichopatikana kilikuwa cha kununulia labda bomba na gundi.

Hapo ndipo wazee wa kanisa walipoamua kufanya mnada. Mnada wa kanisani Ikondela una taratibu zake. Ibada ikiisha, kila aliyeleta sadaka ya kitu anakitoa mbele, kinapigiwa bei, na aliyekinunua mara nyingi hukirudisha kwa mwenyewe au hukitoa kinadiwe upya. Kuna jogoo wa mama mmoja aliyenunuliwa mara nne kwenye ibada moja, akarudi bandani kwake akiwa amelichangia kanisa kuliko mwenyekiti wa kijiji. Tena si lazima utoe kilicho chako. Unaweza kumvua jirani kofia na kuipeleka mbele, na mwenye kofia akinyamaza basi imeuzwa. Anaweza kukataa, lakini tangu Ikondela iitwe Ikondela hakuna aliyewahi kukataa, maana jina la uchoyo lingemfuata mpaka kaburini. Na kwa nini akatae, wakati kofia itarudi?

Mwaka ule mzee wa kanisa Asheri Tweve, mnadi wa siku zote na mtu wa utani asiyechoka, alikabidhi kazi yake kwa mashine. Iliitwa Mnadi. Ilikuwa akili bandia iliyokaa ndani ya sanduku lisilozidi kimo cha mimbari, yenye macho ya kutambua sura na sauti ya upole, na iliunganishwa na wanunuzi wa dunia yote na nje ya dunia. Mzee Tweve aliifundisha desturi zote mwenyewe, hadi ile ya kunyamaza. Kitu kimoja tu alisahau kuifundisha, kwa sababu kwake kilikuwa wazi kama mchana: kwamba aliyenunua anarudisha.

Vitu viliuzwa na kurudi, jogoo naye hakuachwa. Watu walipoanza kuchoka, Mzee Tweve akasimama, akamshika Twilumba mkono na kuuinua juu. Akasema anatoa mikono ya fundi wetu, mikono ya dhahabu, kwa muda wote barafu itakapokuwa imesimama. Kanisa likaangua kicheko. Ilijulikana kwamba mtoto wa mzee aliyeko Dodoma alikuwa anafuatilia kwa simu na ameambiwa anunue, alipe, arudishe. Twilumba mwenyewe alicheka akiwa amefunika mdomo kwa kitenge. Mnadi akamgeukia, akangoja kama alivyofundishwa. Twilumba hakusema neno. Ndipo bei ikaruka kutoka kwa mtoto wa mzee hadi kwa kampuni ya mwezini, na kampuni ikatoa kigandishi kipya kizima kizima, na umeme wake. Nyundo ikagonga.

Walishangilia mpaka mapaa yakatikisika. Ilichukua siku kadhaa watu kuelewa kwamba aliyenunua hakuwa na habari na desturi ya kurudisha, na alitaka alichonunua.

Hayo yalikuwa kabla Tusekile hajaota meno yake ya mbele. Sasa alikuwa anasoma na kuandika, naye mama yake alikuwa bado kwenye kiti kile kile. Hakuna aliyemtendea ubaya. Ubaya angeweza kupambana nao. Walimletea maziwa na mahindi ya kuchoma, wakamlimia shamba, wakamtaja kwenye maombi kila Jumapili. Alipomwambia mwenyekiti kwamba anachoka, aliambiwa wamemsikia, wanalifanyia mpango. Mzee Tweve kila akikutana naye alikuwa akivua kofia na kusema, "Mwanangu, utani wangu ule," kisha anashindwa kumalizia. Shukrani zao zilimziba pande zote, hata hapakuwa na mahali pa kupitisha lalamiko. Usiku alilala mikono ikiwa juu ya blanketi, na mume wake Nehemia alipomshika, yeye alichelewa kumrudishia mshiko, kana kwamba bado anangoja picha kutoka mwezini. Aliionea mikono yake uchungu kama vile ilikuwa ya ndugu aliyefungwa jela.

Siku moja zamu ilipokwisha alikaa pale pale, glavu zikiwa wazi, akashindwa kusimama. Nehemia alimkuta hivyo. Alikuwa muuguzi wa zahanati, mtu wa maneno machache.

"Baba Tuse, mimi siwezi tena," Twilumba alimwambia. "Naomba mnitoe."

Nehemia alimpelekea shauri hilo Mzee Tweve, mzee akalipeleka kwa Mnadi, Mnadi akaiuliza kampuni. Jibu lilirudi kabla chai haijapoa. Kampuni haikuwa na kinyongo. Ingemrudisha fundi siku yoyote, ilimradi na yenyewe irudishiwe kigandishi chake. Ilitosha muumini mmoja kunyoosha mkono mnadani na kusema anamrudisha. Mmoja tu, awaye yote, isipokuwa yeye mwenyewe, kwa sababu bidhaa hainunui.

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa hadi mlangoni. Twilumba alisimama mbele, mahali pa jogoo. Tusekile alikuwa amepakatwa na baba yake kwenye benchi la kwanza, ingawa alikuwa mkubwa mno kupakatwa. Mabomba yaliyopita chini ya mabenchi yalikuwa ya moto, na wazee walikuwa wameyaegemezea miguu.

"Mikono ya Twilumba Chaula," Mnadi alisema kwa ile sauti yake ya upole. "Nani anamrudisha? Mara ya kwanza."

Twilumba aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwa amewaombea mabaya. Kusema kweli alikuwa amekwisha kuamua moyoni kwamba mtu yeyote akinyoosha mkono, yeye atamwambia aushushe, kisha atarudi kitini kwake na hatalalamika tena. Alichotaka ni kuuona tu.

Mwalimu wa timu alikuwa anatazama viatu vyake. Mama mwenye jogoo alikuwa na mbegu zake zote ghalani, akajifanya anamfunga mjukuu kitambaa ambacho hakikuwa kimefunguka. Mkono wa Mzee Tweve ulipanda, ukafika kwenye ndevu, ukakuna, ukashuka.

"Mara ya pili."

Akamtazama mume wake. Nehemia alikuwa analia waziwazi, wala hakujifuta. Midomo yake ilisema bila sauti: kuna watoto. Twilumba alielewa. Kwenye chumba cha joto cha zahanati walikuwamo vichanga waliozaliwa kabla ya wakati, na joto lao lilitoka kwenye barafu. Alielewa, na kuelewa huko hakukumsaidia kitu. Mikono ya Nehemia ilibaki imemzunguka mtoto.

Ndipo hasira ikampanda, hasira safi ambayo hakuwahi kuijua tangu azaliwe. Kabla ya mara ya tatu akafungua kinywa.

"Mnadi, mimi siruhusiwi kununua. Je, kutoa naruhusiwa?"

"Kila aliyemo anaruhusiwa kutoa," Mnadi akajibu. "Hata kisicho chake, mwenyewe akinyamaza."

"Basi natoa mikono ya wote waliomo humu ndani. Tushike zamu kwa zamu. Kwa muda wote barafu itakapokuwa imesimama."

Mnadi akawageukia watu, akangoja. Ule ndio ulikuwa wakati wa kusema nakataa. Mtu mmoja nyuma alikohoa, benchi likalia. Lakini nani angekuwa wa kwanza kuutaja uchoyo wake mbele ya mwanamke yule, mahali pale? Wengine pengine walidhani ni njia yao ya kutubu. Walinyamaza wote kama yeye alivyonyamaza, tofauti ni kwamba safari hii hapakuwa na kicheko. Kampuni ikanunua bila hata kupandishiwa bei, na nyundo ikagonga.

Twilumba alihisi mabega yake yakishuka. Hakufurahi, lakini alipumua. Alijiona kesho akikaa nyumbani, mwenyekiti akiwa kitini pale, pua ikimwasha.

Mnadi akaanza kusoma majina aliyoyanunua mnunuzi, benchi baada ya benchi, macho yake yakimtambua kila mtu kwa sura yake. Alisoma jina la Mzee Asheri Tweve. Akasoma la mwenyekiti, la mwalimu wa timu, la mama mwenye jogoo na la mjukuu wake. Lile la mjukuu liliwafanya watu wainue vichwa. Mnadi akaeleza, kwa upole ule ule, kwamba mikono ya wasiotimiza umri itangoja mpaka wakue, na kwamba mnunuzi ameifurahia zaidi hiyo, kwa sababu itadumu.

"Hapana," Twilumba alisema. "Watoto sikuwataja."

"Ulisema wote waliomo humu ndani," Mnadi akajibu. "Nilingoja. Hakuna aliyekataa kwa niaba yao."

Watu sasa walikuwa wanamtazama yeye. Wale waliokuwa wakitazama viatu vyao walimtazama, na machoni mwao aliona ombi lile lile ambalo wao waliliona machoni mwake miaka yote hiyo wakageuka pembeni. Nehemia alikuwa amesimama, amemshusha mtoto chini na kumsukuma nyuma yake, kana kwamba kuna mtu anayekuja kumchukua kwa miguu. Twilumba alimfanyia ishara mwanawe anyamaze, asionekane, ajifiche chini ya benchi. Lakini Tusekile alikuwa mtoto wa shule, tena mwenye adabu, na alikuwa amefundishwa la kufanya jina lake likisomwa.

"Tusekile Nehemia," Mnadi akaita.

Mtoto akatokeza nyuma ya baba yake, akanyoosha mkono juu kabisa ili mama yake auone. Kwa siku nzima ile, kanisa zima, ndio mkono pekee ulionyooshwa.

"Nipo," akasema.