Unga wa Njano Kwenye Vitufe

"Ukibonyeza cha kusuuza, inakamua. Ukibonyeza cha kukamua, inanyamaza. Na hiki cha kuwashia, fundi, mpaka nikibembeleze kama mtoto aliyegoma uji!"

Albina alikuwa amesimama uani kwake, Nachingwea, mikono kiunoni. Ndani ya mashine ya kufulia majoho ya kwaya yalikuwa yanaelea kwenye maji, mlango umejifunga, na kesho Jumapili. Fundi Shaibu alichomoa waya wa umeme, akatoa bisibisi.

"Dada, anayeitumia zaidi nani?"

"Mume wangu. Hapo ndipo presha inaponipanda!"

Presha ilikuwa na sababu. Lukasi, karani wa sekondari, tangu mwezi wa sita kila Ijumaa alikuwa anaaga kwenda semina Ruangwa. Jumamosi jioni, Albina akirudi mazoezi ya kwaya, anakuta mume karudi, kaoga, na nguo zake zimeshafuliwa na kuanikwa. Mwanaume ambaye miaka miwili ya ndoa hakujua hata sabuni inakaa wapi! Anafua nini kama si manukato ya mtu? Begi la Albina lilikuwa limeshafungwa, liko chini ya kitanda. Alichobakiza ni ushahidi.

Asubuhi hiyo ilikuwa imeingia meseji: "Mke wangu, tunaingia ukumbini. Tutaongea jioni."

Shaibu alifungua paneli, akakwangua kitu cha njano kilichoganda nyuma ya vitufe. Akanusa, akapiga chafya.

"Salfa hii."

"Salfa ipi?"

"Dawa ya ukungu wa mikorosho, dada. Mtu katoka kupulizia, hajanawa, anabonyeza na vidole vile vile. Unga unaingia pembeni, unakutana na maji, unaganda. Kitufe kikizama hakirudi. Shamba lenu liko upande gani?"

"Shamba? Mume wangu hana hata mpapai!"

Shaibu aliinamia kazi yake. Alichukua mswaki wa zamani, akauchovya kwenye spiriti, akaanza kusugua kitufe kimoja kimoja.

Albina alichemka. Kumbe huyo mwanamke ana shamba! Mimi mchicha wangu hapa unakauka, hata kopo la maji haumwagii, mwenzangu anapuliziwa mikorosho!

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikapokelewa.

"Haloo! Mwenye simu yuko shambani, kabeba pampu mgongoni, hasikii. Nani mwenzangu?"

Albina alikaa juu ya ndoo. Sauti hiyo alianza kuisikia kabla hajajua kuongea.

"Mama?"

Upande wa pili kikasikika kikohozi.

"Albina? Ni wewe, mwanangu?"

Miaka miwili walikuwa hawajasemeshana. Siku ya posa, kule kijijini kwao Nkowe, Ruangwa, Mama Marselina alitamka mbele ya wazee: "Huyu mtu wa kalamu, hata pampu ya salfa hajui inavaliwaje, atamlisha nini mwanangu?" Albina naye akamwapia Lukasi: siku ukikanyaga kwa mama yangu, usirudi kwangu.

"Mama, Lukasi anafanya nini huko?"

"Mwezi wa sita nilianguka, nyonga ikagoma. Mikorosho inachanua, ukungu unaila, sina mtu. Nikampigia yeye."

"Mimi je? Si ungenipigia!"

"Nilikupigia mara nne."

Albina akakumbuka namba ya mama yake aliyoifungia kwa mkono wake mwenyewe. Aibu ikamshika.

"Sasa mbona hakuniambia?"

"Anasema ulimkataza. Anakuja kwa kuiba na kurudi kwa kuiba, maskini."

"Dada," Shaibu aliita akichomeka waya, "jaribu sasa."

Albina alibonyeza. Kitufe kikaitika mara moja, maji yakaanza kutoka. Ila yeye hakuwa na habari nayo tena. Alimwomba jirani yake Zaitun ampelekee majoho kanisani, akavuta begi chini ya kitanda, akaita bodaboda.

Nkowe alimkuta Lukasi anakung'uta pampu, wa njano kuanzia nywele hadi viatu, kama kifaranga.

"Albina! Mimi... semina..."

"Semina imefungwa saa ngapi?"

Lukasi akaitua pampu chini.

"Mjinga wewe! Miezi miwili silali namtafuta mwanamke wako, kumbe mwenyewe ni mama yangu!"

"Ulisema nikikanyaga huku nisirudi."

"Na mashine yangu ukaiua!"

"Nilikuwa nawahi kufua nguo kwanza ndipo nioge, kabla hujatoka kwaya. Muda wa kunawa niutoe wapi?"

Albina alitaka kumpiga, machozi yakamtangulia. Alimpenda, na alikuwa amechoka kumkasirikia.

Mama Marselina alitoka ndani akichechemea, fimbo mkono mmoja, kopo la maji mkono mwingine.

"Mwanangu, kwa kauli yangu ya siku ya posa nilikosea. Lukasi nilishamwomba radhi. Sasa nakuomba wewe."

"Na mimi nilikufungia simu, mama. Nisamehe."

Mama alimimina maji taratibu. Albina alishika vidole vya mumewe akavisugua kimoja kimoja mpaka unjano ukatoka.

"Mashine imepona?" Lukasi aliuliza kwa woga.

"Imepona. Ila usiiguse kabla sijakunawisha."

Lukasi akacheka. Kisha jicho lake likaangukia begi, kubwa, limejaa hadi zipu inalia. Kicheko kikakatika.

"Albina, hilo begi lilikuwa linakwenda wapi?"

Albina alimkabidhi mama yake begi, akafunga mtandio kichwani.

"Usiulize. Limefika hapa. Kesho alfajiri umande ukiwa juu ya majani, utanifundisha kuvaa hiyo pampu."