Fumba Macho, Sikiliza Mwisho wa Neno

Mama Chiriku hupiga pasi mashuka ya hoteli tangu asubuhi. Jioni hurudi miguu imevimba, mgongo haunyooki. Hata salamu huitikia kwa shida.

Bintiye aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini tangu darasa lao lianze maneno ya Kiingereza yenye sauti za mwisho zinazofanana, mtoto alinyamaza. Kila jibu alikosa, wenzake wakamcheka. Jioni moja alisema kesho haendi shule.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama alimketisha, akamfungulia daftari la shule, akamwambia anakili maneno "bed", "red" na "head" mpaka yamwingie kichwani. Chiriku aliyatazama, akasema "head" halifanani na mengine. Mama naye akatazama, akaona kweli halifanani. Akafoka. Mtoto akalia.

Jirani yao, mwalimu wa chekechea, alisikia kilio akabisha hodi. Mama alimweleza yote, kisha akasema kwa unyonge, "Kiingereza chenyewe sijui kukisoma, shoga yangu. Nitamsaidia nini?"

"Masikio unayo?"

"Ninayo, ila yamechoka kama mimi."

"Yatatosha. Kazi hii si ya macho. Funikeni daftari."

Akatamka polepole: "Bed. Red. Head." Akaeleza kwamba mwanzo wa maneno hayo hutofautiana, lakini mwisho husikika vilevile, hata herufi zikiwa nyingine. Kisha akatamka "bed" na "book". Hayo huanza sawa, lakini mwisho wake haufanani. Alisema muda mfupi kila siku unatosha. Mtoto akikosa, atamkiwe tena, asifokewe.

Mama akajilaza mkekani, akafumba macho. Maisha yake yote hakuwahi kupewa kazi ya kufanya akiwa amelala. Chiriku akajilaza kando yake, na jirani akawatamkia mengine.

Asubuhi mtoto alivaa sare bila kubembelezwa. Kila jioni walirudia mchezo ule kwa maneno waliyotamkiwa na jirani, wakacheka hata walipokosea. Siku moja Chiriku alirudi akisimulia tangu mlangoni: amejibu, amepatia, na hakuna aliyemcheka. Mama alisikiliza mpaka macho yakajifumba.

"Mama, umelala?"



Chiriku akamnong'oneza sikioni, "Bed."

"Red," akajibu Mama, macho bado ameyafumba. "Haya, sasa ninyamazie kidogo, mwanangu."

Chiriku hakunyamaza. Mama naye hakumwambia tena.