Aliyefuatisha Sala

Asubuhi ile Régina alikuwa anaanika muhogo juu ya mwamba nyuma ya nyumba, mtoto wake Feza akifukuza kuku, mumewe alipotokea njiani. Ilikuwa miaka ya vita, Bulamatari, serikali ya Wabelgiji, anataka pamba kwa wanawake na dhahabu kwa wanaume. Mumewe huyo, Célestin, alikuwa amechukuliwa kwenda machimboni, huko upande wa Kabambare, tangu mvua zilizopita. Régina huyu alikuwa dada ya nyanya yetu, na habari hii tuliisikia kinywani mwake mwenyewe.

Alimkimbilia analia. Célestin alikuwa amekonda, lakini ni yeye: kovu la kidevuni, sauti nzito ya kifuani, hata namna yake ya kuinama mlangoni.

"Umefika, Baba Feza!"

"Nimefika."

Mkono aliompa ulikuwa wa baridi kama mtungi wa maji.

Kabla ya kuchukuliwa, Célestin ndiye aliyekuwa katekista wa kijiji. Nyumbani ndiye aliyesalisha. Régina alifuata tu, midomo inakwenda, akili iko kwenye shamba la pamba. Alipobaki peke yake, hata hilo aliliacha. Jioni alikuwa amechoka, asubuhi amechelewa. Célestin akirudi tutasali, alijiambia.

Alipotenga ugali siku ile, alimngojea mumewe aombee chakula.

"Ongoza wewe," Célestin alisema.

Régina akaanza Baba Yetu. Mumewe akafuatisha neno kwa neno, nyuma yake kidogo, kama mtu anayeisikia mara ya kwanza. Yeye aliyewafundisha sala hiyo watoto wa kijiji kizima! Na walipofika kwenye Amina, alinyamaza.

Ni njia imemchosha, Régina aliwaza. Lakini tangu hapo akaanza kumchunguza. Célestin hakutoka nje jua likiwaka. Chakula alikifinyanga tu vidoleni. Régina akifagia, alikuta matonge yamekauka chini ya mkeka. Naye Feza alikataa kupakatwa.

"Baba hapumui," mtoto alisema.

Régina alimkemea. Kisha yeye mwenyewe akatazama kifua cha mumewe, akatazama mpaka akaogopa kuendelea kutazama.

Jirani yao Aziza, mama Mwislamu wa ukoo wa wafanyabiashara wa Kasongo, alimvuta kando walipokuwa wanateka maji.

"Mama Feza, usinikasirikie. Bwana yako nilimusalimia kwa jina la Mungu. Alinirudishia maneno yangu yale yale. Na sauti yangu."

"Sauti yako?"

"Yangu mimi." Aziza akaangalia nyuma. "Unasali?"

"Tunasali."

"Siulizi ninyi. Ninauliza wewe."

Régina alijitwika mtungi wake, akaondoka.

Siku ya mawingu, mchana, mwanaume alisimama uani na blanketi limekunjwa mikononi. Alikuwa Bulaimu, wa kijiji cha pili, aliyechukuliwa machimboni pamoja na Célestin.

"Pole sana, mama. Wakubwa walichelewa kutupa ruhusa. Udongo ulimuangukia shimoni. Tulimuzika kule kule, na macho yake nilimufunga mimi."

"Macho ya nani?"

"Ya Célestin."

Ndani ya nyumba mtu akakohoa. Kikohozi cha kifuani, kizito.

Bulaimu alikijua kikohozi kile. "Mama," alinong'ona, "nani iko ndani?"

Régina aligeuka kutazama mlango. Kisha akakumbuka: Feza amelala mle ndani.

Nyuma yake blanketi lilianguka chini, na miguu ya Bulaimu ikasikika ikikimbia. Régina akaingia.

Kitu chenye sura ya mumewe kilikuwa kimekaa kwenye kona, kimempakata mtoto. Macho ya Feza yalikuwa wazi. Hakulia.

"Mulete huku," Régina alisema.

"Mulete huku," kikajibu. Kwa sauti ya Régina.

Alianza Baba Yetu. Kikafuatisha. Nyuma yake kidogo. Kisha pamoja naye. Kisha mbele yake. Maneno aliyoyatamka miaka yote bila kuyafikiri yalitoka kwenye kinywa kile safi kabisa, hakuna hata moja lililokosewa. Na midomo ya Feza nayo ikaanza kucheza.

Régina akaikatiza sala. Akapiga magoti.

"Mungu," alisema. "Ni mimi, Régina. Nilikuacha. Célestin amekufa, na sikujua. Mutoto wangu iko mikononi mwa kitu nisichokijua. Sina maneno. Usiniache. Ninakuomba, usiniache."

Kitu kile kikafungua kinywa. "Mungu," kikasema. Kikakwama. "Mungu…" Kinywa kikazidi kufunguka, kikapita pale kinywa cha mtu kinapoishia, na hakuna sauti iliyotoka.

Régina hakufumba macho. Alimwambia Mungu yote: hasira zake, uchovu, jioni zote alizolala bila kumkumbuka. Alilia, akaomba, akaomba tena. Mvua ikapiga paa la nyasi.

Feza akapiga yowe. Alikuwa peke yake kwenye mkeka.

Feza alikua, akaolewa huko Lusangi. Régina hakuacha tena kusali. Kila asubuhi, kabla ya shamba, aliifagia kapela ya kijiji, akapiga magoti peke yake, akazungumza na Mungu kwa maneno yake mwenyewe.

Asubuhi moja alipoinuka, aliona alama pembeni yake kwenye sakafu ya udongo aliyotoka kuifagia. Magoti mawili, na nyuma ya magoti, vidole vya miguu vimechimba. Nyayo za kuingia hazikuwepo, wala za kutoka.

Alitaka kuamini kuwa ni Célestin amekuja kusali naye. Lakini anayesali kapelani huelekea msalaba. Magoti yale yalimwelekea yeye, karibu kabisa, kama ya mtu aliyesogea ili asikose hata neno moja.