Nanga Iliyong'ang'ania Mawe

Bi Kimya hakuzaliwa kimya. Mume wake alipokuwa hai, walibishana mashuani mpaka samaki wakajua habari za nyumba yao. Mume alikaa mbele, kwenye kamba ya nanga. Yeye alikaa nyuma, kwenye injini. Mume alipofariki, maneno yaliisha, na watu wakampa jina hilo. Sasa alivua peke yake ziwani na kurudi saa yoyote. Hakuna aliyemwuliza alikuwa wapi.

Asubuhi moja alivuta nanga, haikuja. Ilikuwa imekwama kwenye mawe. Akavuta tena mpaka viganja vikamwuma. Wapi! Zamani mume angevuta huko mbele, naye angesogeza mashua. Leo je? Akawaza: nikiifunga kamba huku nyuma, nitavuta na kuendesha mwenyewe. Akaifunga karibu na injini, akaongeza kasi.

Kamba ilikaza. Nyuma ya mashua ikadidimia, maji yakaingia kwa fujo. Akazima injini haraka, mashua ikainuka. Alitazama pande zote, hakuona mtu. Angeita nani?

Alitaka kuiacha nanga, akashindwa. Mume wake ndiye aliyeichomelea. Akafunga dumu tupu mwisho wa kamba, akaliacha likielea. Akachota maji kwa kopo, akarudi nchi kavu akilia.

Fundi wa mashua, rafiki wa marehemu, alikuwa ufukweni akiziba ufa.

"Shemeji, mbona umelowa hivyo?"

Akamweleza. Fundi akaweka nyundo chini.

"Uliifunga nyuma?"

"Ningefanyaje? Niko peke yangu!"

"Umeponea chupuchupu. Nyuma ukingo wa mashua uko chini, tena injini ni nzito. Ukivuta, maji yanaingia. Kamba ya nanga hufungwa mbele tu. Haya, twende."

Walivaa majaketi ya kuelea, wakaenda mpaka kwenye dumu. Fundi akafunga kamba mbele.

"Usivute kwa pupa. Ilegeze kwanza. Sasa pita taratibu mpaka upande wa pili wa nanga, tuivute kinyume cha ilivyoingia. Na mguu wako uko wapi?"

Bi Kimya akatazama chini. "Juu ya kamba."

"Utoe! Ikikaza ghafla, itakuchukua."

Mashua ilisogea polepole. Kamba ikatetemeka, nanga ikaachia.

"Na isingetoka?" aliuliza Bi Kimya.

"Ungekata kamba. Usiifuate majini hata kidogo. Kisu kiwe karibu kila siku."

"Nikate nanga ya mume wangu?"

"Aliichomelea ili urudi nyumbani, shemeji. Si ili ubaki nayo huko chini."

Machozi yalimtoka Bi Kimya, naye hakuyafuta.

Ufukweni, fundi alifunga kamba nyingine kwenye kichwa cha nanga, pale makucha yanapoanzia. Mwisho wake akaweka boya.

"Ukitia nanga, hili litaelea juu yake. Ikikwama, lifuate boya, uvute kamba hii kutoka mbele. Itatoka kinyumenyume. Na kabla ya kuondoka, niambie unakokwenda na saa ya kurudi."

"Nikikuambia, wewe utafanya nini?"

"Nitakutazamia. Ukikawia, nitakufuata."

Wiki iliyofuata nanga ilikwama tena. Bi Kimya alilegeza kamba, akalifuata boya, akazima injini. Akaenda mbele, akatazama miguu yake, akavuta kamba ya boya. Nanga ikaja. Aligeuka kwa furaha amwambie mtu. Nafasi ya nyuma, aliyokuwa akikaa yeye zamani, ilikuwa tupu. Akakaa kitambo kirefu, nanga ikimchuruzikia maji magotini.

Alipofika ufukweni, fundi alikuwa ameshavaa jaketi, anasukuma mashua yake majini. Alikuwa amekasirika kwelikweli.

"Mbona umechelewa? Si ulisema saa sita?"

Bi Kimya alizima injini. Tangu amzike mume wake, hakuna aliyemwuliza hivyo.

"Niulize tena, shemeji," alisema.