Kitufe Kisichojibu

Mama Ramla wa mtaa wa Makomeno aliuza samaki wakavu waliotoka Pweto. Binti yake Yasmine, aliyekuwa akijifunza kutengeneza kurasa za mtandao, alimtengenezea ukurasa wa kupokea maagizo. Mteja aliandika jina lake, akachagua samaki, kisha akabonyeza kitufe cha "Tuma".

Ijumaa moja maagizo matatu yaliingia kwa jina la Mama Simone, na Yasmine akafunga vifurushi vitatu. Mama Delphine, aliyetaka samaki wa harusi ya mwanawe, akaambiwa wamekwisha. Jioni Mama Simone akarudisha vifurushi viwili.

"Miye niliomba kimoja tu!" alisema. "Munataka nikule samaki mpaka niote magamba?"

Alipoondoka, Mama Ramla alimgeukia binti yake. "Page yako inanifukuzia bantu wa kununua. Delphine ataenda kwa mwingine. Miye narudia soko. Kule, mutu akiomba, namuona na macho."

Yasmine alimsihi asubiri hadi Jumatatu. Akaandika onyo kwenye ukurasa kwa herufi nyekundu: "Bonyeza mara moja tu." Kesho yake agizo moja likaingia mara nne.

Hapo akamwendea jirani yao, Papa Ephraïm, mtengenezaji wa kurasa za maduka, akamweleza yote.

"Toa telefone yako," Papa Ephraïm alisema. "Omba samaki."

Mtandao ulikuwa mzito. Yasmine akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, na tena.

Papa Ephraïm akaangua kicheko. "Eeh! Na njo weye mwenyewe uliandika ile onyo!"

"Nilizani haikuenda, Papa," Yasmine alijibu kwa haya.

"Maman Simone naye alizani vile. Hana kosa. Ukibisha hodi na hakuna mwenye kuitika, unafanya nini?"

"Nabisha tena."

"Basi, fanya bouton yako iitike," alisema, akigusa kitufe cha "Tuma".

Akamweleza kwamba ukurasa waweza kubeba amri fupi zilizoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript. Amri hizo hufanya kazi ndani ya simu ya mteja mwenyewe, hivyo hujibu papo hapo hata mtandao ukichelewa. Wakaandika pamoja: mteja akishabonyeza, kitufe kizimwe, na maneno yake yabadilike kuwa "Subiri, inatumwa".

"Sasa imeisha," Yasmine alisema.

"Bado. Réseau, ile mtandao, ikikatika, bouton imezimika, client atafanya nini?"

Yasmine akafikiri, kisha akaongeza amri nyingine: utumaji ukishindikana, mteja aambiwe, na kitufe kiwashwe upya.

Jumatatu Mama Ramla mwenyewe alimpelekea Mama Simone simu ili aagize tena. Mama Simone akabonyeza. Kidole kikarudi kubonyeza tena, kikasita hewani.

"Inasema nisubiri."

"Subiri basi, mama. Nani anakufukuza?"

Muda kidogo, ukurasa ukaandika kwamba agizo limepokelewa. Kwa Yasmine liliingia agizo moja, la kifurushi kimoja.

Mama Ramla aliporudi nyumbani alilitazama, akampigia simu muuzaji wa Pweto aongeze samaki. Kisha akamwita binti yake.

"Umutumie Delphine ile page yetu. Mbio! Harusi iko samedi, siku tano tu zimebakia."